Gari la Marehemu Albano

Temeke Wailesi
9 Machi 1969

Mdogo wangu Niko,

Salamu za hapa nyumbani zikukute huna homa wala kikohozi. Sie wazima. Shemeji yako Polikarpo bado yuko kiwandani Wazo, kila jioni anarudi mweupe wa saruji mpaka kope. Watoto wanakua na kula.

Tumefurahi mno kusikia umepata ukatibu tarafa, tena karibu na shamba la Mama. Baba angekuwepo angezunguka mtaa mzima akiitangaza habari hiyo, halafu angejifanya anaificha.

Ninalotaka kukuambia leo linahusu gari lake. Unakumbuka linavyokaa uani juu ya mawe tangu alipofariki, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwezi uliopita mzee Mwinjuma, yule fundi jirani, alikuja kuazima jeki. Akaliona, akalala chini yake, akakaa huko mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Alipotoka akaniuliza kama tunajua tuna kitu gani. Nikamwambia tuna banda la kuku.

Anasema gari hili aina ya Lanchia lilitengenezwa Turino huko Italia mwaka hamsini na tatu, na bodi lake waliinyoosha kwa nyundo na mikono. Injini ina silinda sita, tatu zimelalia kushoto, tatu kulia, na wakati ule hakukuwa na kiwanda kingine kilichouza gari lenye injini ya namna hiyo. Giaboksi haiko mbele kama ya magari mengine. Iko nyuma, pamoja na klachi na difu inayozungusha magurudumu, ili uzito ugawanyike. Na zile herufi GT tulizokuwaga tunazisugua kwa majivu, Bwana Renzo, yule Mtaliano aliyemwajiri, alishamweleza Baba maana yake: gari la kwendea mbali bila kuchoka.

Mwinjuma alimfahamu Baba enzi zile akimwendesha huyo Renzo kwenye kazi zake za madaraja. Anasema giaboksi ilipokufa mwaka sitini na nne, Renzo alikuwa anarudi kwao na hakuna fundi aliyethubutu kuigusa, ndipo akamkabidhi Baba funguo na kadi. Baba akafa hajalisikia tena likiwaka.

Nimeamua tulifufue, Niko. Mwinjuma atashika injini na giaboksi, mie nitashika viti. Kushona ndiyo kazi yangu, sitashindwa. Niambie unaonaje.

Dada yako,
Margareta


Namtukila
2 Mei 1969

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, na nimeshukuru kusikia shemeji na watoto hawajambo. Huku najitahidi. Nalala ofisini mpaka nyumba yangu iezekwe, na kila Jumapili natembea mpaka kwa Mama, ananilisha hadi nashindwa kurudi. Mgongo wake umetulia. Mikorosho imezaa vizuri.

Kuhusu gari, nakuomba unielewe. Juzi tulikuwa kwenye semina ya viongozi. Siku nzima tulizungumzia unyonyaji, na mkufunzi akawataja watu wanaojenga taifa kwa mdomo huku nyumbani kwao wameficha anasa za wakoloni. Hakuwa ananisema mie, hata hanijui. Lakini masikio yaliniwaka moto. Niliona kama kila aliyemo mle ndani analiona lile gari la buluu kwenye paji la uso wangu.

Mimi ni kiongozi mdogo, dada, na ndiyo kwanza naanza. Liache libaki banda la kuku. Kuku hawana anasa.

Mdogo wako,
Nikodemu


Temeke Wailesi
20 Septemba 1970

Mdogo wangu Niko,

Marahaba. Naamini uko salama na nyumba yako imepata paa. Polikarpo alikuwa na jino, limeng'olewa. Mwanangu mdogo ametembea.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikawa na kazi nyingi. Kuku wamehamishwa. Hawakukubali kwa hiari.

Kitambaa cha viti kilikuwa cha sufu ya kijivu, panya wamekila chote. Nilikifumua polepole ili nipate kipande kimoja kizima cha kukatia kielelezo. Ndani walijaza manyoya ya farasi, hebu fikiria. Mie nimejaza usumba wa nazi, nimeufua na kuuanika mpaka umelainika, na juu nimeweka kitambaa cha suti, kijivu vilevile. Mwinjuma alipokikalia akaegemea nyuma. Akasema, "Margareta, hapa mtu anaweza kusinzia mpaka Lindi."

Kazi ngumu iko chini. Shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma imeunganishwa kwa vipande vya raba, na vyote vilikuwa vimepasukapasuka kama kisigino. Huku raba hizo hazipo, na ya kuziagiza Ulaya tumeyasahau. Polikarpo aliomba kiwandani mkanda wa kubebea mawe uliochakaa, wakampa. Mwinjuma anauchonga kwa kisu cha fundi viatu. Zile za kwanza zilikatika hata hatujatoka uani. Anachonga nyingine. Breki za nyuma nazo haziko kwenye magurudumu kama tulivyozoea, ziko katikati, zimekumbatia difu, na kuzifikia lazima ufungue nusu ya gari.

Unaliita anasa. Njoo umwone Mwinjuma alivyo na grisi mpaka masikioni ndipo uniambie anasa iko wapi. Gari hili lilimpa Baba riziki akiwa kazini, Niko. Hakulitumia kumdharau mtu yeyote.

Dada yako,
Margareta


Ofisi ya Tarafa, Namtukila
11 Julai 1972

Ndugu Margareta,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Nami sijambo ila majukumu ni mengi.

Nakuandikia kwa ufupi. Wiki iliyopita tulipokea mgeni mzito kutoka mkoani. Mbele ya wajumbe wote aliniuliza, huku akitabasamu, kama ni kweli kwetu Dar es Salaam kuna gari la kifahari la Kitaliano linalofanyiwa ukarabati. Sijui nani alimpelekea habari hizo. Wajumbe walinigeukia. Nilijibu kuwa marehemu Albano alikuwa mlinzi tu wa mali ya Mzungu aliyeondoka, kwamba gari lile halina uhusiano wowote na familia yetu, na kuwa linasubiri kuuzwa kama chuma chakavu.

Kwa hiyo nakuomba, na safari hii ni zaidi ya ombi, liuzwe kama nilivyosema. Nisije nikaonekana mwongo.

Ndugu yako katika ujenzi wa taifa,
N. Albano


Temeke Wailesi
30 Julai 1972

Niko,

Marahaba. Sie wazima.

Hutaki kuonekana mwongo, basi usiseme uongo. Baba hakuwa mlinzi wa mali ya mtu. Umemkana mbele ya watu, na bado unatumia jina lake kutia sahihi.

Gari haliuzwi.

Dada yako


Namtukila
18 Novemba 1973

Dada Margareta,

Shikamoo. Ni zaidi ya mwaka hatujaandikiana. Nilisikia kwa watu wanaotoka huko kuwa mko salama, nikashukuru. Nami ni mzima.

Nakuarifu kuwa operesheni ya kuhamia vijijini imekamilika katika tarafa yetu. Mama naye amehamia kijiji kipya na amepewa kiwanja kizuri karibu na barabara. Ameipokea hali vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Wasalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Nikodemu


Temeke Wailesi
6 Februari 1974

Niko,

Hatujambo. Nisingekuandikia, ila nimeona nikinyamaza utadhani sijui.

Yustina amekuja. Yule binti wa jirani yake Mama, aliyekuwa akimtekea maji. Ameolewa hapa Kinondoni. Alikuja kunisalimu, akakaa, akamaliza chai yote, akaanza kulia kabla hajaniambia kitu.

Anasema Mama alikataa kuhama. Aliwaambia mgambo kuwa mikorosho yake haina miguu. Wakaenda wakarudi, na watu wengine wakawa wanasubiri waone mama wa katibu tarafa atafanywa nini. Anasema siku ya tatu ulikuja mwenyewe. Hukusema na Mama. Ulipanda juu ukaanza kung'oa makuti ya paa kwa mikono yako, nyumba ya kwanza kuezuliwa katika kitongoji chote. Mama alikuwa ndani, na vumbi la paa likamwangukia kichwani akiwa ameketi kitandani. Halafu hapakuwa na mtu mwingine aliyekataa.

Na kile kiwanja kizuri, anasema Mama alikaa humo wiki nyingi chini ya kibanda cha majani, na mvua zikamkuta humo humo.

Niambie Yustina anasema uongo. Nitakuamini wewe.

Margareta


Namtukila
2 Juni 1974

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzeje. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya.

Yustina hasemi uongo. Nilijiambia kwamba nikiiacha nyumba ya Mama, watu watasema ninawaonea wao na kumlinda wangu. Nikaona nikianza na yake nitakuwa mwadilifu. Nilipokuwa juu ya lile paa nilisikia watu wamenyamaza, nikadhani wananiheshimu. Sasa wakinisalimia hawanitazami machoni. Wananitazama mikononi.

Mama anaumwa. Ilianza kikohozi cha mvua, sasa kifua kinambana na miguu imevimba. Nilipata Landrova ya wilaya ili nimpeleke hospitali. Alikataa kuipanda. Nikamletea dawa, hakuigusa mpaka mwingine alipompa. Hapokei chochote kinachotoka mkononi mwangu, hata maji. Hanigombezi, dada. Afadhali angenigombeza. Anageukia ukutani, basi.

Jana nilimsihi. Nikamwambia basi halipiti tena, na kwenye lori atafia njiani, sasa anataka aende kwa namna gani. Akazungumza nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Lile la baba yenu liko wapi?" Chumbani walikuwepo wajumbe wawili wa kijiji, walewale waliokuwepo siku ya mgeni wa mkoani. Nikainuka nikatoka nje.

Kama bado lipo, dada, na kama linatembea, nakuomba. Najua sina haki ya kuliomba.

Mdogo wako,
Nikodemu


SIMU YA UPEPO
DAR ES SALAAM 14 JUNI 1974

GARI LIPO. LINATEMBEA. TUNAKUJA. MAMA AWE TAYARI. DADA


Temeke Wailesi
21 Julai 1974

Niko,

Nimeanza na habari kwa sababu najua ndiyo utakayoitafuta: Mama yu hai. Alilazwa hospitali wiki mbili, maji ya miguu yamepungua, sasa yuko hapa kwangu anakula uji na kulalamika kuwa hauna chumvi. Sie wengine hatujambo.

Nitakueleza safari, maana hukuiona.

Tulitoka alfajiri mie na mzee Mwinjuma, petroli kwenye madebe nyuma kwa sababu vituo vilikuwa vikavu, na raba za shafti za akiba kwenye kapu. Mpaka Kibiti gari lilikwenda kama halikuwahi kulala miaka kumi. Mwinjuma alikuwa anaendesha huku anatabasamu peke yake. Mkono wa gia uko kwenye usukani, akawa anausukuma kwa vidole viwili. Alisema, "Sikiliza, Margareta, haligombani na barabara." Kwenye pantoni ya Ndundu watu walilizunguka wakauliza la nani. Kabla sijafungua mdomo Mwinjuma akajibu, "La marehemu Albano, dereva, mtu wa Temeke." Mie nikaangalia mtoni ili wasinione.

Baada ya mto mchanga ulitutesa. Gari liko chini, likawa linajikwaruza tumbo. Karibu na Nangurukuru raba moja ikakatika kwa mshindo. Mwinjuma akalala chini ya gari juu ya kanga yangu akaifunga nyingine, na wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakatua mizigo wakatusaidia kulisukuma litoke kwenye mchanga. Tukalala Lindi kwa ndugu zake Polikarpo.

Namtukila tulifika mchana. Mama alikuwa ameketi nje, amevaa, amejifunga kilemba. Walimbeba wanawake wawili wakamweka kiti cha mbele, tukakilaza, mie nikajikunja nyuma na madebe. Akakipapasa kiti kwa kiganja. Akauliza nani kakishona.

Nilimuuliza karani wako uko wapi. Akasema umekwenda ziara vijijini. Niko, niliiona baiskeli yako nyuma ya ofisi.

Tulipopita mbele ya ofisi Mama akamwambia Mwinjuma asimame, apige honi. Akapiga. Tukangoja. Akasema, "Piga tena." Akapiga. Dirisha lilikuwa wazi na hakuna aliyetokea. Mama akasema, "Twende."

Tangu hapo hajakutaja. Barabarani alisinzia karibu njia nzima. Kwenye mashimo nilimshika mabega kutoka nyuma, na nikawa namwomba Mungu kwa ajili ya vipande vya mkanda wa saruji. Havikukatika tena.

Dada yako,
Margareta


Namtukila
15 Septemba 1974

Dada mpendwa,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo yangu kama ataipokea. Kama hataipokea, usimlazimishe. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nafuu ya Mama ndiyo iliyonipa usingizi.

Nilikuwa ofisini. Nilikuwa nimekaa sakafuni chini ya dirisha. Honi ya kwanza nilisema nitainuka. Ya pili nikashika mguu wa meza. Karani alisimama kando yangu akiniangalia, na yeye ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kwamba kiongozi haogopi watu wake. Mlipoondoka nilitoka nikaona matairi yalipopita kwenye vumbi, nikayazunguka ili nisiyakanyage.

Zamani nilikuwa naona aibu kwa ajili ya gari. Sasa watu wa hapa wananisimulia habari zake kama mgeni: jinsi lilivyokuwa likimeta, jinsi lilivyonguruma taratibu, jinsi mama yangu alivyoketi humo. Wananiuliza lilikuwa la nani. Nawajibu ni la baba yangu. Wajumbe wananitazama.

Mikorosho ya Mama imeingiliwa na magugu. Nimeanza kwenda kupalilia. Kutoka kijijini ni mwendo mrefu, nawahi alfajiri, nafika ofisini na umande suruali nzima. Sikwambii ili unisifu. Sina mwingine wa kumwambia.

Mwezi wa kumi na mbili nina likizo. Nataka kuja. Nilifikiri nifike usiku, nipite uani, nisisumbue majirani. Muulize Mama kama nije.

Mdogo wako,
Nikodemu


Temeke Wailesi
13 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama sasa anatembea mpaka uani kwa fimbo.

Nilimsomea barua yako yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Mwambie aje. Lakini asije usiku kama mwizi. Aje mchana, apite mlango wa mbele, watu wamwone."

Akarudi kwenye mchele.

Dada yako,
Margareta


Namtukila
29 Desemba 1974

Dada,

Shikamoo. Natumaini mmekula Krismasi salama. Mie nilirudi kazini jana.

Nilikuja. Najua hamna habari, ndiyo maana naandika. Nilifika Temeke siku mbili kabla ya sikukuu, mchana, kama Mama alivyotaka. Nilivaa Kaunda suti yangu, nikabeba kikapu cha korosho za shambani kwake. Nikashuka pale dukani kwa Mwanaheri, ng'ambo ya barabara.

Nikawaona. Gari liko mbele ya nyumba, mzee Mwinjuma ameinamia injini. Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje, bakuli la kunde mapajani, anamenya. Amenenepa kidogo usoni. Wewe ulitoka na mtungi, ukamwambia kitu, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Nilinunua soda ili niwe na sababu ya kusimama. Majirani walikuwa barazani mwao, wengine ni wale walionibeba nilipokuwa mdogo, na wote nilijua wanajua. Nilihesabu kuwa ni hatua chache tu. Nikajiambia nikimaliza soda nitavuka. Niliimaliza. Nikaagiza ya pili. Kila nilipoinua mguu niliziona mbele yangu zile nywele za Mama na vumbi la paa.

Kikapu nilimwachia Mwanaheri awaletee, nikamsihi asinitaje. Nikalala kwa rafiki Kinondoni, asubuhi nikapanda basi.

Msimwambie Mama. Mwambie nilipata dharura ya kazi.

Mdogo wako,
Nikodemu


Temeke Wailesi
19 Januari 1975

Mdogo wangu Niko,

Marahaba. Sie wazima wote, na korosho tumezila.

Sitamwambia Mama kuwa ulipata dharura, maana alikuona. Alikuona kabla hujaishika ile soda ya kwanza. Mie ndiye nilikuwa sijui kitu, nilikuwa na mtungi wangu. Usiku ule wa sikukuu, tumeshakula, akaniambia taratibu, "Niko alikuwa pale dukani. Amekonda."

Nilimjia juu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakukuita, sauti yake ingefika. Nikasema ningevuka nikakuleta kwa kukushika mkono.

Akasema, "Ningemwita angekuja. Yule amezoea kuitwa na kutumwa. Hata pale juu ya paa langu alikuwa ametumwa. Hili nataka aje mwenyewe."

Mwinjuma ananiambia kuwa jioni ya siku ile uliyokuja alitaka kufunika gari kwa turubai kama kawaida, Mama akamkatalia kushuka. Kunde zilikuwa zimekwisha zamani. Alikaa humo na bakuli tupu mpaka Mwanaheri akafunga duka.

Likizo yako nyingine ukiipata, njoo. Barabara yetu unaijua, si pana.

Dada yako,
Margareta